Fremu ya Mteja Aliyehamia Nyamache

Katika mji wa Kisii alikuwepo mtu mmoja ambaye hakukubali kwamba mteja akihama ameondoka. Karani akipewa uhamisho kwenda Nyamira, mpishi akimfuata mzungu wake hadi Nyansiongo, mwalimu akipelekwa shule ya mbali, wenye maduka wengine walimsahau na kumngoja atakayekuja badala yake. Fundi wa fremu alitia upepo kwenye baiskeli yake akamfuata.

Jina lake nitaliacha. Mji ulikuwa na mafundi wa cherehani, wa viatu na wa saa, lakini ukisema Fundi peke yake, mtu yeyote sokoni angekuelekeza kwenye mlango wa buluu nyuma ya msikiti. Alikotoka sikukujua. Watu walisema hili na lile juu ya mama yake na juu ya babu yake, na mimi sipendi kuandika hili na lile.

Ndani ya duka ukuta mzima ulijaa kona. Kila alipotengeneza fremu alibakiza vipande viwili vya ubao uleule, akaviunganisha vikawa kona ndogo ya kutosha kiganjani, akaweka nyuma alama aliyoijua yeye, akaitundika. Mteja akiwa mjini, kona yake ilikaa popote. Akihama, kona ilihama pia. Walioelekea Nyansiongo walikaa karibu na dirisha, walioelekea Nyamache nyuma ya mlango. Miaka ikipita, mtu akipata harusi au ubatizo huko aliko, alituma picha kwa dereva wa lori pamoja na maneno machache: ifanane na ile nyingine. Fundi alishusha kona, akatafuta ubao wa rangi ile, akakata umbo lile, na fremu ilipofika ilikaa ukutani na mwenzake kama ndugu wa tumbo moja.

Lakini hakuridhika na kutuma. Aliyehama alifuatwa angalau mara moja, kwa sababu Fundi alitaka kuuona ukuta mpya. Ukuta wa udongo unatoa jasho, ukuta wa jikoni unakula moshi, mchwa wana njia zao. Nilifuatana naye siku moja hadi Birongo, karibu na kwetu, kwa mke wa katekista aliyekuwa amehama mjini. Mama yule alitoka nje na unga mikononi.

"Fundi! Umetoka Kisii kuja kutazama ukuta wangu?"

"Ukuta wako ni mgeni hapa, mama. Nimekuja kuusalimu."

"Na mimi?"

"Wewe nitakusalimu nikishakunywa chai."

Alikunywa vikombe viwili, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole kama daktari anayegonga kifua, akahamisha picha ya harusi kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine, akaenda zake. Hakudai kitu.

Waliobaki mjini hawakuonja wema huo. Kwao alikuwa mzito, mkali, na mwongo wa ahadi. Muuza nyama wa jirani alikuja kila wiki kulalamika.

"Fundi, picha ya harusi yangu iko humu tangu mke wangu akiwa mwembamba."

"Basi iache. Ukiipeleka leo mtagombana."

Watu walicheka, muuza nyama naye akacheka, na picha ikabaki pale pale chini ya meza. Kwa walio karibu alitumia hata kioo chenye mkwaruzo na kusema ni mwanga wa dirisha. Kwa walio mbali alifunga kioo kwa majani makavu ya ndizi, akakizungusha gunia, akamshika dereva wa lori mkono na kumwambia maneno marefu, halafu akamtaka ayarudie. Dereva akikosea neno moja, alirudishwa mwanzo.

"Mzee, mimi nabeba mahindi, sibebi Kurani!" dereva mmoja alimwambia.

"Rudia," alisema Fundi.

Nyumbani kwake hapakuwa na picha ya mtu hata mmoja, ila aya iliyoandikwa kwa wino wa dhahabu. Dukani, kabla ya kula, aligeuza nyuso zote zitazame ukuta. Nilimuuliza kama ni mambo ya dini. Akasema hapana, hapendi kutazamwa akitafuna. Aliamini pia kwamba kioo chenye ukijani kidogo kinazuia sura isizeeke. Nilimwekea picha mbili juani, moja chini ya kioo cha kijani na nyingine chini ya kioo cheupe, nikamwonyesha baada ya likizo kwamba zote mbili zimefifia sawasawa. Akazitazama kwa muda. "Vizuri," akasema, "lakini usimwambie mtu kabla sijamaliza kuuza hiki cha kijani."

Kiswahili chetu kilimchekesha. Sisi Wagusii tulikisoma shuleni kama tulivyosoma hesabu, naye alikinyonya pamoja na maziwa. Mtu akisema "kitoto yangu iko gonjwa", Fundi alishika kichwa kama aliyepigwa jiwe, kisha akamuuliza mtoto anaumwa wapi, akampa limau na asali.

Wakati huo nilikuwa nikisoma chuo kikuu huko Kampala, na kila likizo nilirudi na neno jipya la kubishia. Nilibishana na padri, na baba, na mwalimu wangu wa zamani. Fundi nilimpenda kwa sababu hakukasirika. Siku moja nilimweleza siri ya biashara yake kama nilivyoiona.

"Wewe mzee ni mjanja kuliko Wahindi wote wa mtaa huu," nilimwambia. "Mtu akiwa mbali hawezi kulinganisha kazi yako na ya mwingine. Unamfuata mara moja, anaona aibu, basi hakuachi mpaka anakufa. Huo si wema. Ni mtego."

Alikuwa anasugua ubao. Mkono ukasimama.

"Hayo ndiyo mnayofundishwa Kampala?"

"Tunafundishwa kuuliza."

"Hujauliza. Umesema tu."

Nikaona nimpe swali. Nyuma ya mlango, upande wa Nyamache, palikuwa na fremu nzima isiyo na picha. Ilikuwa ya mvule, rangi yake yenyewe, na ukingo uliochongwa kama kamba iliyosokotwa. Duka zima lilikuwa na vumbi la mbao isipokuwa kioo kile. Nilikuwa nimekiona kinafutwa kila Ijumaa.

"Haya. Hii ni ya nani?"

"Ya mteja aliyehama."

"Kahamia wapi?"

"Nyamache."

"Mbona humpelekei? Wengine wote unawafuata."

Akageukia kazi yake. Baadaye, nilipokuwa natoka, aliniita. Alikuwa na fremu ndogo iliyovunjika mguu wa kusimamia, ameitengeneza, inatakiwa Nyansiongo kwa mama mmoja mteja wake wa zamani. Magoti yalikuwa yakimsumbua. Je, ningeweza kumsaidia?

"Ukifika," alisema, "uliza chochote unachotaka."

Nyansiongo ilikuwa ya wazungu wakati ule, mahindi na ng'ombe wa maziwa hadi macho yanachoka, na baridi inayoingia ndani ya mifupa. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa nyuma ya miti, na mama yule aliishi katika mojawapo. Mumewe alikuwa amehama na mzungu wake kutoka Kisii mjini kabla ya vita vya pili na kumpikia hadi yeye mpishi alipofariki. Sasa mama aliishi na mwanawe, dereva wa trekta. Nilimkuta mwanawe mezani anakula, nikajitambulisha kuwa mtu wa Birongo niliyetumwa na Fundi. Juu ya kichwa chake, ukutani, kulikuwa na picha ya askari kijana ndani ya fremu nyeusi.

Mtu asiye wa mji wetu hawezi kujua nilichosoma pale. Fremu nyeusi ilikuwa desturi ya Fundi mwenyewe. Aliianzisha zamani, kabla ya vita, ili mgeni akiingia katika nyumba asiulize, "Huyu yuko wapi siku hizi?" na kumliza mama wa watu. Aliye hai alipewa rangi ya ubao. Aliyekufa alipewa nyeusi. Waislamu wa mjini walioweka picha waliifuata, Wakristo wakaifuata, na kabla ya muda mrefu hapakuwa na nyumba yenye picha kati ya Kisii na Nyamira ambamo mtu hakujua maana yake.

Nikamwambia dereva wa trekta pole. "Ni ndugu yako aliyefariki?"

Akameza tonge. "Ni mimi."

Nilidhani ni mzaha nikacheka. Yeye hakucheka. Mama yake akaweka sufuria chini.

"Hii picha ilikuja na lori," alisema. "Yeye alipiga hii picha mahali ya jeshi, akapea rafiki yake aliyekuja likizo, rafiki akaacha kwa Fundi. Mimi nikangoja fremu. Lori ikafika, nikafungua karatasi, nikaona nyeusi. Sasa wewe ungesema nini? Fundi anakaa mjini. Ofisi ya DC iko pale. Habari ya vita anasikia yeye kwanza. Nikasema, huyu mzee ameshindwa kusema na mdomo, amesema na rangi. Nikaanguka hapo mlangoni."

"Hukungoja barua ya serikali?"

"Barua!" Alinitazama kama anayetazama mtoto. "Jirani yangu hapa, kijana yake alikufa, barua ilikuja mahindi imevunwa mara mbili. Mimi ningengoja barua?"

Walinyoa vichwa, wakalia, wakatuma habari kwa ndugu. Walituma pia Birongo, kwenye nyumba ya msichana aliyeposwa, kwamba ng'ombe waliotangulia warudishwe kwa sababu mume hayupo tena. Vita vilipokwisha, mwanamume akashuka kwenye lori na mfuko wake wa jeshi begani, mzima.

Nilijua mwisho wa habari hiyo kabla hajausema.

"Wewe ni wa nyumba gani kule Birongo?" dereva aliuliza.

Nikamwambia. Akasukuma sahani pembeni polepole.

"Kemunto ni dada yako?"

"Ndiyo."

"Hajambo?"

"Hajambo."

Hakuuliza zaidi. Alisimama akaenda kwenye trekta yake, na mama akanifungia maziwa ya mgando nimpelekee Fundi.

Kemunto ni dada yangu tunayefuatana. Nyumbani kwetu ilisemwa tu kwamba alikuwa ameposwa na askari, "habari ikaja", na baba akamwoza upesi kwa mwanamume mjane wa Nyamache mwenye kahawa na ng'ombe wengi, mtu wa umri wa baba. Habari ilikuja kwa njia gani, hakuna aliyesema. Askari aliporudi, Kemunto alikuwa ameshazaa, na jina la yule mwanamume halikutajwa tena kwetu. Nilikuwa mdogo. Baadaye nikawa mkubwa, nikauliza Mungu yuko wapi, nikauliza kwa nini chifu ni chifu. Hilo la dada sikuliuliza.

Na kuna jambo lingine, ambalo Mgusii yeyote ameshaliona. Kwetu ng'ombe wanaoingia kwa mahari ya dada ndio kaka yake huoa nao. Wa Kemunto walikuwa wangu. Baba hakuwaweka wangojee mke wangu. Kila muhula ulipofika aliuza mmoja, kisha mwingine, mpaka zizi likabaki na samadi tu na mimi nikafika Kampala. Huyo mjane alitoa ng'ombe wengi kuliko ambao askari angetoa kwa mshahara wa jeshi. Kama fremu ingekuwa ya rangi ya ubao, leo ningekuwa nalima.

Nilirudi mjini nimejaa maneno makali. Fundi alikuwa amekaa kwenye kisanduku chake akipasha gundi ya ngozi. Niliweka maziwa mezani.

"Ulijua mimi ni nani?"

"Tangu siku ya kwanza. Una paji la uso la baba yako."

"Kwa nini nyeusi?"

"Vita vilimaliza vanishi," alisema. "Dukani hapakuwa na kitu. Nilikuwa na fremu moja, nyeusi, mwenyewe hakuja kuichukua, na kipimo kilikuwa kilekile. Nikaona yule mama amengoja sana. Nikamwambia dereva, mwambie ni rangi tu, ni ya muda, vanishi ikija nitabadilisha. Dereva akaugua njiani. Akampa mwenzake fremu. Maneno akabaki nayo."

Gundi ilianza kuchemka, hakuiondoa.

"Nilipata habari msiba ukiwa umekwisha na dada yako amekwenda. Nikasema moyoni, askari naye huenda amekufa kweli, nani ajuaye. Unaona? Niliombea iwe hivyo. Mimi, mtu mzima, nikamwombea kijana wa watu awe amekufa ili nisiwe nimekosa."

Nikaiondoa gundi motoni.

Aliporudi askari, Fundi alichonga ile fremu ya mvule akampelekea mwenyewe, kwa baiskeli hadi Nyansiongo. Askari hakuipokea. Alisema nyeusi imeshazoea ukuta. Hii mpya, alisema, apelekewe Kemunto. Fundi akarudi nayo, akaitundika nyuma ya mlango, na kuanzia hapo akaanza kufuata kila mteja aliyehama, karani, mpishi, mke wa katekista, kutazama kuta zao na kufikisha maneno yake mwenyewe kwa mdomo wake mwenyewe. Kwenda Nyamache alikwenda pia. Alipita mbele ya kwa dada yangu mara nyingi akikanyaga baiskeli kwa nguvu.

"Mtego," nilikuwa nimesema. Jambo baya ni kwamba hata sasa sijui kama nilikosea kabisa. Yeye alikuwa ndani yake.

Tulikwenda Nyamache miezi michache baada ya mimi kuhitimu, siku ya soko, kwa sababu siku hiyo mume wa dada huwa hayupo nyumbani. Fundi alikuwa amedhoofika. Alivaa kanzu safi na koti, akapakata fremu magotini njia nzima ndani ya gunia, asikubali niishike.

Kemunto alikuwa uani anachagua wimbi kwenye ungo. Aliniona, akafurahi, akamwona Fundi, mikono ikapungua mwendo. Haikusimama.

"Bwakire, dada," nilimsalimu kwa lugha yetu.

"Bwakire. Mkaribishe mzee akae."

Fundi hakukaa. "Mama," alisema, na sauti ile iliyowakaripia madereva ilikuwa nyembamba, "mimi ndiye niliyetuma fremu nyeusi."

"Najua."

"Unajua?"

"Tangu aliporudi. Watu wa Nyansiongo huleta viazi soko hili, na mdomo wao hauna mlango." Alipuliza makapi. "Kila siku ya soko nilikuona ukipita, Fundi. Nikasema leo atakata kona. Hukukata. Nilisikia ulikwenda mpaka Birongo kumtazamia mtu ukuta."

"Niliogopa."

"Hata mimi ningeogopa," alisema. Hakusema amesamehe. Aliingia jikoni akatuletea uji wa wimbi, akamngoja Fundi anywe wote, kama mtu anayemngoja mgonjwa ameze dawa. Kisha akafungua gunia mwenyewe. Alipitisha kidole juu ya ile kamba ya mvule pande zote nne.

"Ni nzuri," alisema. "Nitaweka nini humu?"

Fundi alitazama miguu yake. Kemunto akajipangusa mikono, akaingia ndani, akatoka na picha niliyomtumia kutoka Kampala, mimi nimevaa joho la kuhitimu, mkono mmoja kiunoni. Ncha zake zilikuwa zimechakaa kwa kushikwashikwa.

"Dada, usiweke mimi."

"Nimweke nani?" Alisema bila ukali, na ningependa angekuwa mkali. "Ng'ombe wangu wote wamo humu."

Alimpa Fundi picha. Mzee alitoa koleo na vimisumari mfukoni, akapangusa kioo ambacho hakikuwa na vumbi, akanilaza kifudifudi juu ya magoti yake, akafunga mgongo kwa karatasi ya kaki. Alipomaliza akauliza kama alivyowauliza wote.

"Ukuta gani?"

"Ule anaoukuta mtu akiingia."

Tukaingia. Alinyoosha kidole mahali. Nilishikilia picha yangu mwenyewe ukutani na Fundi akatafuta mahali pa msumari kwa kifundo cha kidole.

"Wageni watauliza," Fundi alimwambia. "Fremu ya rangi hii haiwaambii kitu."

"Waulize," alisema Kemunto. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe unauliza watu wote, toka utoto. Sasa na wewe niambie. Wakiuliza huyu ni nani, alifikaje Kampala, niwajibu nini?"

Nilikuwa na digrii, na fremu mikononi. Fundi alingoja kidogo, nyundo juu, kama aliyetaka kunipa muda. Nikainyoosha fremu tu, akagonga.